Uchumba wa Uwongo na Mapenzi ya Kweli



Huenda hadithi hii umekwisha kuiona nyumbani kwako, watoto wamekaa mkekani mbele ya televisheni nawe ukijifanya husikilizi. Kijana na msichana hawapatani. Wanarushiana maneno tangu mwanzo. Mara inatokea dhiki inayowalazimu kujidai mbele ya wazee kwamba ni wachumba, na kabla hadithi haijesha, uwongo umekwisha kuwa kweli na wale mahasimu hawawezi kuachana.

Si jambo jipya. Shakespeare, katika mchezo wake Much Ado About Nothing wa miaka ya mwisho ya 1590, aliwaacha Beatrice na Benedick wachambane mpaka rafiki zao wakawatilia hila, kila mmoja akasikizishwa kwamba mwenziwe anamfia. Mwaka 1934 Wamarekani walitoa It Happened One Night, ambamo wawili wasiopatana wanajidai mke na mume safarini. Wahindi wakaichukua wakaifanya Chori Chori ya mwaka 1956, ya Raj Kapoor na Nargis. Mwaka 2009 ikaja The Proposal: bibi mmoja Mkanada, asije akafukuzwa Marekani, anamlazimisha karani wake aseme watafunga ndoa, naye karani hampendi hata chembe.

Je, mbona hadithi hii haichoshi? Wako watakaosema ni upuuzi wa vijana. Mimi siafiki. Adui hana haja ya kukusifu wala kukuficha tabia yake. Hakuvalii kanzu iliyopigwa pasi wala hajitii uturi kwa ajili yako. Hasira yake unaijua, ubahili wake unaujua, naye yako anayajua. Akikupenda baada ya hayo, amekupenda wewe, si ile sura uliyoitengeneza. Ndicho kinachotamanisha: kujulikana ulivyo, kisha usikataliwe.

Sasa tutazame uchumba wetu wenyewe, ule wa kweli. Mshenga anakuja na sifa. Upande wa kike nao wana zao: binti mpole, mpishi, hana maneno. Mposaji anakaribishwa kwa halua na kahawa, anakaa kitako dakika chache na macho chini. Hapana aliyesema uwongo, lakini kila mtu ameonyesha upande mmoja tu wa nguo. Miezi sita baada ya harusi ndipo wanapoanza kujuana, na wengine hapo hapo huanza safari ya kwa kadhi. Kwa hiyo hutokea ajabu kwamba katika sinema uchumba wa uwongo una ukweli mwingi kuliko uchumba wa kweli wa sebuleni. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoambiwa na Mughira bin Shu'ba kwamba ameposa, alimhimiza akamtazame yule mwanamke, kwani hilo ndilo lingedumisha mapenzi baina yao. Wazee wangapi leo wanaliruhusu hilo, kwa heshima na mahram akiwapo, bila kuona wamevunjiwa nyumba?

Lakini hadithi hizi zina sumu pia. Matusi ya sinema yameandikwa na mtu aliyekaa mezani akayachagua, kila tusi lina ncha ya kuchekesha. Matusi ya nyumbani hayakuandikwa na mtu. Binti aliyezoea kuona kwamba anayemdharau leo atamlilia kesho, anaweza kumvumilia mwanamume katili akingoja sehemu ya pili ya hadithi, nayo isije. Tena sinema huishia kwenye harusi au kabla yake, wala hatuoneshwi ule ulimi mkali miaka kumi baadaye, unga umekwisha na mtoto ana homa.

Huku Uzigua, kuanzia Korogwe mpaka Handeni na vijiji kama Kwedizinga, watu wana njia yao ya zamani ya kuchanganya ugomvi na mahaba, nayo ni utani. Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" akamdai kanga. Shemeji husutana mchana kutwa. Watu wakipita hucheka, kwa sababu kila mmoja anajua ni mzaha, hata mtoto. Hapana mzee aliyepokea barua, hapana aliyedanganywa.

Uchumba wa uwongo si utani, kwa kuwa wazee wa pande mbili wamesadiki. Katika ile sinema ya 2009 yule bibi mwenyewe alishindwa. Siku ya harusi alisimama mbele ya jamaa wa mume akasema yote, kwani walikuwa wamempokea kwa wema. Nalo jambo hili dini imelifungia njia. Imepokewa kwa Abu Huraira kwamba mambo matatu, ukiyafanya kweli ni kweli na ukiyafanya mzaha ni kweli: nikahi, talaka na rejea. Posa si nikahi, hilo ni sawa. Hata hivyo ina uzito wake, na hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa adai fidia, na zawadi za uchumba zidaiwe.

Na kuna mtu mmoja ambaye sinema haimwoneshi kabisa. Tumekatazwa kuposa juu ya posa ya ndugu yetu. Basi mtu wa Korogwe anamtuma shangazi yake Kwedizinga akaulizie binti fulani, naye anataka kweli. Shangazi anaambiwa mlangoni, ameposwa. Anashukuru, anakunywa maji, anarudi zake kungoja basi. Baada ya miezi mitatu mzaha ukimalizika na pete ikirudishwa, yule kijana wa Korogwe amekwisha kuoa kwengine.