Ni Udongo Tu?

Jumamosi iliyopita niliwekewa bunduki tatu juu ya meza nikaambiwa nichague moja iwe yangu. Mimi, ambaye tangu nimalize Form Four sijamiliki kitu cha thamani kupita godoro! Tangu siku hiyo sijaandika hata ukurasa mmoja wa riwaya yangu. Nimeona bora niandike hili kwanza, labda litanitoka kichwani.

Nianze na nilivyofika kwenye meza hiyo. Huu mwaka wa tatu nafanya kibarua katika klabu moja ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Nairobi. Kazi yangu ni ya shimoni. Kuna mtambo wenye mkono wa chuma, nami nauwekea kisahani cha rangi ya machungwa, upana milimita 110, uzito gramu 105 hivi. Mwanachama aliye juu anapiga ukelele, mkono unazunguka, kisahani kinaruka, bunduki inalia. Kikipatikana kinageuka vumbi na vipande. Kikikoswa kinaangukia majanini, na jioni mimi ndiye wa kwenda kukiokota. Wenyewe wanakiita njiwa wa udongo, ingawa siku hizi hakina udongo wowote. Ni lami na unga wa mawe ya chokaa.

Siku za katikati ya wiki, watu wakiwa wachache, mzee mmoja mwanachama alizoea kunitoa shimoni na kunipa bunduki yake nijaribu. Nikagundua kwamba naweza. Nalisema bila kujigamba, au basi, kwa kujigamba kidogo. Mtu aliyepata D katika mtihani wa taifa, na ambaye hadithi zake zinarudi kutoka kwa wahariri kama barua zilizokosa anwani, anajua utamu wa kuvunja visahani ishirini mfululizo na kusikia mtu nyuma yake akisema polepole, "Hapo sawa." Sasa macho ya mzee huyo yamechoka. Akaniambia, "Kijana, mimi nimemaliza. Chagua moja. Makaratasi ya polisi tutayafuatilia pamoja, na silaha yenyewe italala hapa hapa, kwenye kabati la chuma."

Ya kwanza ilikuwa ya marehemu baba yake, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Baba huyo aliitumia kwa kanga na kwale, zamani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Ni nyepesi kama fimbo na nzuri kupita kiasi, lakini bunduki nyepesi ni ya kubebwa porini kutwa na kupigwa mara chache. Ukiipiga mara mia kwa siku itakutandika bega mpaka ushindwe kushika kalamu. Ya pili hujipakia yenyewe. Haigongi sana, kwani sehemu ya nguvu ya mlipuko inatumika kuendesha mitambo yake ya ndani. Mgeni angeichukua hiyo mara moja. Ya tatu ina mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, nayo ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Zote tatu ni za namba 12. Namba hiyo ina maana ya ajabu: risasi kumi na mbili za duara, kila moja ikiujaza mtutu sawasawa, zina uzito wa ratili moja. Ya namba 20 ni nyembamba zaidi, kwa sababu ratili ile ile imegawanywa mara ishirini.

Nilichagua ya tatu, na nina sababu. Bunduki hii unaivunja katikati, ukaiweka mkononi ikiwa imeinama, na kila mtu aliye karibu anaona mwanga ukipita mitutuni. Hakuna haja ya kuniuliza kama imejaa, wala ya kuniamini. Ile inayojipakia, mtu aliye hatua kumi hajui kilichomo, inabidi akubali neno langu. Nilipenda kitu ambacho kinaweza kuonyesha utupu wake. Mzee aliitikia kwa kichwa, halafu akaniambia bado, kwanza tuone kama nayo imekuchagua.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Bunduki ya marisawa haina alama ya kulengea upande wa nyuma kama raifo. Alama hiyo ni jicho lako mwenyewe. Kwa hiyo kitako kikiwa kirefu mno au kifupi mno, jicho linakaa mahali pasipo pake na utakosa kutwa nzima bila kujua kwa nini. Jaribio lake ni rahisi. Ikiwa tupu, unaishika, unafumba macho, unaipandisha begani hadi kitako kiguse shavu, kisha unafumbua. Nilifumba, nikapandisha, nikafumbua. Mtutu ulikuwa umekwisha kufika mahali nilipokusudia kutazama, mti wa mwisho ukutani, kabla yangu mimi. Haukuyumba hata kidogo.

"Sasa ni mkono wako," alisema mzee, akafurahi. Mimi mgongo ulisisimka.

Maana najua alichonifundisha. Kisahani kinakimbia, ukilenga kilipo umechelewa, inabidi ulenge kitakapokuwa, na mkono usisimame. Kila siku ananiambia, "Ukisimama kufikiri, umekosa." Ni kweli. Siku ninazovunja vyote ni siku ambazo sikufikiri. Lakini hebu tujiulize sisi tunaojiita waandishi, tunaoandika juu ya watu waliofanya ubaya wakajuta: si wengi wao walisema hivyo hivyo? Mkono ulitangulia. Sasa mimi naufundisha mkono wangu, kwa hiari yangu, risasi kwa risasi, kutangulia.

Nilipomweleza Mama jioni ile aliweka sufuria chini.

Mama ni mtu wa Likoni. Baba ni mtu wa bara. Agosti 1997, mimi sijazaliwa, watu walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, kisha wakaingia mitaani kuwasaka watu wa bara. Mama alilala uvunguni usiku kucha, kiganja juu ya mdomo wa dada yangu mkubwa. Baadaye wakavuka feri na mabegi mawili. Mpaka leo gari likitoa mlio wa ghafla kwenye barabara yetu yeye hushika kitu kilicho karibu.

"Hicho kitu hakiingii nyumba hii."

"Hakitaingia, Mama. Kinalala klabuni."

"Na wewe wataka kukifanyia nini?"

"Kuvunja visahani. Ni udongo tu, Mama."

"Na wewe, mwanangu, waumbwa kwa nini?"

Nikamjibu kwamba kwa kweli ni lami na chokaa. Lilikuwa jibu la kijinga na hakucheka.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta la kumwambia. Katika rafu ya klabu kuna vitabu vya zamani vya mchezo huu, nikavisoma saa za chakula. Mwanzo walikuwa wakipiga njiwa hai. Njiwa anawekwa kisandukuni, kamba inavutwa, anaruka. Ndiyo maana mpaka leo mpigaji anapaza sauti akisema kwa Kiingereza "vuta," ingawa mimi shimoni sivuti kamba yoyote. Katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 walishindana kwa njiwa hai, na Leon de Lunden wa Ubelgiji akashinda kwa kuua 21. Uingereza iliufuta mtindo huo kwa sheria mwaka 1921. Lakini hata kabla ya hapo watu walikuwa wametafuta kitu cha kumwokoa njiwa, na mwaka 1880 George Ligowsky wa mji wa Cincinnati, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa kisahani cha udongo.

Nikafurahi. Nikasema nimepata jibu: kisahani ni yule kondoo aliyeletwa badala ya mtoto wa Ibrahimu. Damu imeondolewa, mchezo umebaki.

Halafu nikasoma kuhusu mipira ya kioo. Kabla ya Ligowsky walirusha mipira ya kioo, na mingine waliijaza manyoya ya ndege ili ikipasuka manyoya yatawanyike hewani. Yaani ndege amesamehewa, lakini mtazamaji lazima aone manyoya! Na hata leo, kwa Kiingereza cha wapigaji wengi, kisahani kilichovunjika kimekufa, na kilichokoswa kimepotea. Nimeandika neno hilo "kufa" kwenye karatasi za matokeo mara elfu na sijawahi kulisikia mpaka juzi.

Nilitaka kuwacheka watu wa manyoya. Kisha nikakumbuka sura ya nne ya riwaya yangu. Kuna bawabu anapigwa risasi kwenye kituo cha petroli. Sura hiyo nimeiandika mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza niliona haisisimui, damu haikutosha. Mara ya tatu nikamwongezea bawabu kandambili moja iliyotoka mguuni. Nikaona sasa imekuwa. Mwaka jana nilimsomea Mama. Nilipofika kwenye kandambili aliinuka akaenda kutazama chai, na chai ilikuwa haijabandikwa.

Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba kalamu ni safi na bunduki ni chafu, kama tunavyopenda kusema tukikutana sisi kwa sisi. Wala siwezi kumwambia Mama ni udongo tu. Nilichobaki nacho ni kidogo. Kabla ya kuita, bunduki ikiwa imeinama wazi mkononi, kuna kitambo ambacho hakuna anayekuharakisha. Unatazama mbele kama kuna mtu, mbwa, mtoto wa jirani anayefuata mpira. Mzee wakati mwingine hukaa hivyo dakika nzima, na mara mbili nimemwona akitoa risasi na kurudi kuketi bila kueleza. Kufikiri kote kunafanyika pale. Ukishaita, umekwisha kuamua. Sijui kama hilo linamtosha mtu aliyelala uvunguni, na sidhani nina haki ya kumdai limtoshe.

Na nikiri jambo moja zaidi, ili nisionekane mwanafalsafa bure. Naitaka. Naitaka kwa sababu ni kitu cha kwanza ninachokijua vizuri kuliko watu walionizidi pesa.

Mzee anangoja jibu Jumamosi. Nilimwomba Mama aje kwanza aone, asimame nyuma kabisa karibu na maegesho, asikie, kisha aseme. Siku mbili hakunijibu. Jana usiku, taa ikiwa imezimwa, aliniuliza kutoka upande wa pili wa pazia kama huko kuna mahali pa kuketi, na kama nitampa ishara kabla ya kila mlio.

Nimemwambia nitainua mkono.