Mti Ulio Uani Ni wa Nani?

Mtu akiulizwa swali hili huenda akacheka. Mti uliomo katika kiwanja nilichokinunua kwa fedha yangu halali utakuwa wa nani kama si wangu? Lakini ndugu zetu waliohamia Uingereza na kununua nyumba huko wanajua kwamba jambo si jepesi hivyo. Sheria ya Mipango ya Miji na Mashamba ya mwaka 1990 inalipa baraza la mji uwezo wa kutoa amri ya kuhifadhi mti, hata ukiwa ndani ya ua wa mtu binafsi. Amri hiyo ikiisha kutolewa, mwenye nyumba hana ruhusa kuukata mti, kuupogoa, kuung'oa wala kuudhuru kwa makusudi pasipo kibali, na akifanya hivyo hushitakiwa. Tena katika mitaa iliyotangazwa kuwa ya kuhifadhiwa, mti wenye shina la unene unaozidi milimita 75, ukipimwa kwa kimo cha mita moja na nusu, hauguswi, ila kwa sababu chache maalumu, mpaka baraza lipewe taarifa ya wiki 6.

Baadhi ya watu husema huku ni kumnyang'anya mtu mali yake. Swali hilo lastahili kupimwa kwa mizani ya Islam, maana linahusu haki, na Masihi Aliyeahidiwa a.s. ametufundisha mara nyingi kwamba dini ina mafungu mawili: haki za Mwenyezi Mungu na haki za viumbe Wake.

Kurani Tukufu haimtambui mwanadamu kuwa mwenye milki kamili ya kitu chochote. Vilivyomo mbinguni na ardhini ni vya Mwenyezi Mungu, nasi tumekabidhiwa tu. Katika Sura Ar-Rahman miti imetajwa kuwa inamsujudia Mola wake, na mara baada ya hapo imetajwa mizani, pamoja na katazo la kuipita mipaka yake (55:7-9). Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama huandikwa kuwa sadaka yake. Basi ndege wana fungu katika mti wa uani. Na katika mkusanyo wa Abu Dawud imo hadithi yenye onyo kali juu ya mtu akataye mkunazi. Abu Dawud mwenyewe alipoulizwa maana yake alieleza kuwa ni mkunazi wa jangwani, unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukikatwa ovyo na bila haki. Angalia vizuri: kivuli cha mpita njia kimehesabiwa kuwa haki ya mpita njia. Kwa hiyo baraza linaposema kwamba mti wa bwana fulani unawafaa watu wa mtaa mzima, halisemi jambo geni kwa Mwislamu.

Lakini yuko pia mtu ambaye mti unamdhuru, na hapa ndipo penye uzito. Sehemu kubwa ya London imejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Mizizi huunywa maji udongo huo, nao husinyaa, msingi ukashuka na kuta zikapasuka. Katika ukame wa mwaka 1976 nyumba nyingi zilipata nyufa. Je, mtu huyo aambiwe avumilie kwa sababu ndege wanapenda matawi?

Jibu tunalo katika hukumu ya Mtume s.a.w. mwenyewe. Samura bin Jundub r.a. alikuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari. (Watu wa pwani yetu na visiwani hawatashangaa, kwani kwao pia mnazi au mkarafuu waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine.) Kila alipoiendea mitende yake aliwaudhi Ansari yule na jamaa zake. Ansari akamwomba amwuzie, akakataa. Akamwomba wabadilishane, akakataa. Shauri likafika kwa Mtume s.a.w., naye akamtaka auze, kisha abadilishe, kisha aitoe hiba kwa ahadi ya malipo mema. Yote akayakataa. Ndipo Mtume s.a.w. akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru watu, akamwamuru Ansari aende akaing'oe mitende ile.

Twaona kwamba kung'oa kulikuja mwisho, baada ya njia tatu za upole. Twaona pia kuwa kulipokuja hakukuzuiwa na milki ya Samura, wala na ubora wa mtende ambao Waarabu waliupenda kuliko miti yote.

Kwa kipimo hicho na mabaraza yenyewe yahukumiwe. Huko Westminster, London, mti mkubwa wa barabarani ulipasua jengo la makazi liitwalo Delaware Mansions. Wahandisi walishauri mti uondolewe; baraza halikuuondoa, ikabidi msingi uimarishwe kwa gharama kubwa. Mwaka 2001 mahakama ya juu ya nchi ile iliamua baraza lilipe zaidi ya pauni 570,000. Na huko Sheffield baraza lilikosea upande wa pili: likakata maelfu ya miti ya barabarani, mingi yao mizima, na mnamo Novemba 2016 watu wa mtaa mmoja waliamshwa kabla ya mapambazuko ili wahamishe magari yao, miti ikatwe. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulieleza kuwa baraza lilikuwa limewapotosha wananchi na mahakama, nalo likaomba radhi. Mwenye mamlaka naye aweza kuwa mwenye kudhuru.

Hata hivyo, haifai Mwahmadiyya kulikata tawi usiku na kusingizia upepo. Utii kwa wenye mamlaka ni amri ya Kurani (4:60), na mlango wa kudai haki uko wazi: kuna maombi, kuna rufaa, na aliyenyimwa kibali akapata hasara isiyopungua pauni 500 aweza kudai fidia katika miezi 12. Mti uliokufa au wa hatari haungoji kibali. Lakini mwenye kiwanja akishauondoa, sheria humtaka apande mwingine mahali palepale, na akiuza kiwanja kabla hajapanda, wajibu huo humhamia mnunuzi.