Je, Tumwahidi Kijana Kwamba Gari Litawaka?



Mzazi na kijana wake wanapoanza kutengeneza gari kuukuu lililolala miaka mingi, swali la kwanza la kijana ni hili: "Baba, litawaka kweli?" Je, ni halali kumjibu "ndiyo" ili tu asivunjike moyo?

Watoto wetu wa ukimbizini wamekwisha kusikia "ndiyo" nyingi: mwakani tutarudi nyumbani, karibuni tutapelekwa Marekani. Kila ahadi ikianguka, neno la baba nalo linapungua uzito.

Fundi mwaminifu hasemi litawaka. Husema, tuangalie. Humwaga petroli iliyochacha, husafisha kabureta, hutia oili kidogo kwenye silinda kupitia matundu ya plagi, kisha huzungusha injini kwa mkono taratibu, maana iliyoshika kutu ikilazimishwa kwa betri yaweza kuharibika. Tena hutengeneza breki kabla ya mwendo, kwa ajili ya jirani apitaye njiani.

Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani. Lakini aliwaambia wazi kwamba ni miaka 70. Hakuwadanganya, wala hakuwaacha wakae bure.

Basi wazazi, tuwaahidi vijana kile kilichomo mikononi mwetu: Jumamosi nitakuwapo, spana tutashika pamoja, na nikiona haliwezekani nitakuambia. Mengine tumwachie Mungu. Amina.