Mtoto Mgonjwa na Deni la Elimu

Je, ni halali kumfanyia utafiti mtoto mgonjwa, hali tukijua kwamba faida yake huenda isimfikie yeye bali wengine watakaokuja baadaye? Swali hili si la madaktari peke yao. Latuhusu sisi walimu wa lugha, kwani idhini ya mzazi huombwa kwa maneno. Na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mzazi huelezwa kwa Kirundi au Kiswahili mambo ambayo daktari aliyasoma kwa Kifaransa.

Tuna kisa cha karibu cha kutufundisha. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine kama huyo huko Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walifunga safari ya gari ya majuma 10, wakaenda kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama ugonjwa huo wajulikana. Jibu likafuata joto na mvua: karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa huo ulikuwa nadra. Msomaji wa Rumonge ataelewa upesi. Mji wake uko kwenye kimo cha mita 770 na kitu, penye michikichi na mbu. Akipanda gari kuelekea Bururi, atauvuka mpaka huo hata kabla ya adhuhuri.

Saratani hiyo ya chembe za limfu ni ndugu ya saratani ya damu iitwayo lukemia, na ikiingia katika uboho wa mifupa hukaribiana nayo sana. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda. Malaria nayo ikaja kujulikana kuwa mshirika wa virusi hivyo. Huko Kampala ilionekana kwamba dozi chache za dawa ya saiklofosfamidi ziliweza kuyeyusha uvimbe kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1972 Burkitt na John Ziegler, aliyeongoza kituo cha tiba ya limfoma cha Kampala, walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker pamoja na watafiti wa lukemia. Watoto wa Uganda, basi, walisaidia kuwathibitishia walimwengu kwamba saratani yaweza kutibika kwa dawa pasipo kisu. Leo katika nchi tajiri karibu watoto 9 katika kila 10 wenye lukemia kali ya limfu hupona. Mtoto wa mwambao wetu hana uhakika hata wa kupimwa mapema.

Hapo ndipo tunapoliona deni. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, kisha wakangoja kuona nani ataugua. Taarifa ya mwaka 1978 ilitaja 14 walioshikwa na ugonjwa. Watoto 42,000 walichomwa sindano ili damu ya 14 ipate kusema. Je, walidhulumiwa? Sisi hatusemi hivyo. Maumivu ya sindano ni madogo, na jambo lililotafutwa lilikuwa kubwa. Lakini anayengoja mtoto wa mtu augue hana budi awe na dawa mkononi siku ile atakapougua.

Wako wazee wasemao kwamba mwili ni amana ya Mungu, wala si kitu cha kujaribiwa. Hoja hii tunaiheshimu, tena twaona ina nguvu zaidi kwa mtoto, asiyeweza kujisemea. Mzazi naye ni mshika amana tu. Aweza kuitia amana hiyo hatarini pale inapotarajiwa kuokoka kwa njia hiyo. Kwa faida ya wengine pekee, hana ruhusa ya kutoa ila kidogo.

Kuna jambo jingine linalowatia wazazi hofu, nalo ni kura. Katika majaribio mengi ya tiba, mtoto huyu hupewa dawa hii na mwenzake dawa ile kwa bahati nasibu. Baba mvuvi, azoeaye kukesha ziwani na taa akitafuta ndagala, ajua bahati ni nini. Lakini bahati ya wavu si ya kuchezewa mtoto, atasema. Twamjibu kwamba ikiwa kweli hakuna ajuaye dawa ipi ni bora, kura haimdhulumu mtu, na ni afadhali kuliko daktari kukisia kwa kiburi. Sharti ni kwamba kutojua huko kuwe kwa wanadamu wote. Dawa bora ikijulikana Paris na isipatikane Rumonge, huko si kutojua, ni kukosa. Na ufukara wa watu haufai kufanywa msingi wa elimu.

Kukosa huko kuna sura nyingi. Kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilifunguliwa mwaka 2012 na hutibu lukemia. Lakini Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari 2024, njia ya mgonjwa wa upande huu ilizidi kuwa ndefu.

Limebaki neno lenyewe. Tunasema "jaribio", na katika Kiswahili kujaribu ni kufanya bidii, ni kupima, tena ni kumtia mtu mtihanini. Mama anayeambiwa "tutamjaribia mwanao dawa" husikia la kwanza, yaani bidii, naye daktari amekusudia la pili. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo idhini haijapatikana. Twapendekeza mama aambiwe wazi mambo mawili, tena kila moja kwa sentensi yake: lipi lafanywa ili mwanawe apone, na lipi lafanywa ili wengine wajue. Kisha aulizwe ayaeleze yeye mwenyewe, kwa maneno yake, kabla ya kutia kidole kwenye wino.