Kigae cha Chupa na Jina Lake

Jirani yangu mmoja hapa Kyebando ni fundi wa mapambo. Uani mwake ana kipipa cha mpira kinachozungushwa na mota ndogo ya umeme, mashine ambayo kwa kawaida hutumiwa kulainishia mawe. Humo hutia vigae vya chupa, maji, na unga mkali wa silikoni kabaidi, kisha hukiacha kizunguke usiku na mchana kwa siku kadhaa. Vigae vilivyoingia na makali ya kukata kidole hutoka vimelainika, nyuso zao zina ukungu, mithili ya vile vinavyookotwa ufukweni mwa bahari.

Siku moja alinijia na kibao. "Mwalimu," akasema, "niandikie hapa kwa Kiswahili kizuri: Vioo vya Bahari ya Mombasa." Nikamwuliza iwapo vigae hivyo vimepata kufika Mombasa. Akacheka. "Mnunuzi anataka uzuri. Je, uzuri si huu hapa?"

Swali hilo si jepesi. Bahari hutumia aghalabu makumi ya miaka kukilainisha kigae: mawimbi hukisugua kwa mchanga na changarawe, nayo maji ya chumvi huula uso wake polepole, yakaacha vishimo vidogo ambavyo kwa kawaida mashine haivitoi. Tukisema kwamba thamani ya kitu ni uzuri wake tu, fundi ana haki. Tukisema kwamba ni umri wake tu, basi kila kokoto lingekuwa kito. Mimi naona kuwa mashine haina kosa. Kusugua ni kazi ya halali. Kosa limo katika jina. Anunuaye kioo cha bahari hanunui rangi peke yake, bali hununua pia mawimbi na miaka. Amwuziaye mawimbi yasiyokuwapo amepokea fedha kwa kitu asichokitoa.

Basi nikakataa kuandika. Lakini usiku ule dhamiri yangu haikuniacha nilale. Mimi nami sikuzaliwa pwani. Kiswahili changu nilikipata darasani, kwa kamusi, sarufi na wino mwekundu wa masahihisho. Wazazi wetu hapa Uganda wengi walikisikia kwanza vinywani mwa askari, wakakiogopa kama kigae chenye makali. Amri ya mwaka 1973 ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini amri haiondoi hofu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Kukilainisha kigae hiki ndiyo kazi tuliyokabidhiwa sisi walimu.

Je, ni mara ngapi wageni wameniuliza, "Mwalimu, wewe ni mtu wa Mombasa au wa Unguja?" nami nikatabasamu tu, nikawaacha wafikiri watakavyo? Kimya kile kilikuwa kibao changu. Nilimnyima jirani kwa mkono kile nilichojipa mwenyewe kwa mdomo.

Walimu wenzangu, lugha ya pwani ililainishwa na vizazi vya wasemaji. Yetu hulainishwa katika kipipa cha darasa. Hilo si aibu. Hata ndani ya kipipa kigae hakijilainishi peke yake, bali husuguana na wenzake. Wala fundi hawezi kuruka unga mkali akaanza na ule laini, kwa kuwa makali yatabaki. Aibu ni kumfundisha mwanafunzi wetu afiche alikotoka ili asifiwe. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Asubuhi nilikichukua kile kibao, nikaandika: Vigae vya Chupa, Vimelainishwa Kyebando. Jirani alikitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Vitauzika kweli, Mwalimu?" Nikamjibu kwamba chema chajiuza, ingawa moyoni sikuwa na hakika. Akakitundika. Nami tangu siku ile, mgeni akiniuliza nimetoka pwani gani, humjibu kwamba mimi ni mtu wa Kyebando.