Ulevi wa Dereva Usisingiziwe Kadari



Kila itokeapo ajali katika mji wetu wa Mombasa, neno tulisikialo matangani ni hili: "Ndiyo kadari ya Mungu." Neno ni la kweli, kwani hapana litupatalo ila kwa kadari Yake. Lakini baadhi yetu wamelifanya ngao ya kumkinga mwenye makosa.

Dereva avuta bangi alfajiri, kisha ashika usukani wa matatu na kuvuka daraja la Nyali na abiria 14 nyuma yake. Tena hujisifu kuwa kile kipimo cha pumzi cha askari hushika pombe, bangi hakiioni. Je, na Mola wake pia haoni?

Natufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 16 kwa sekunde moja. Bangi huipunguza wepesi akili. Mguu ukichelewa sekunde moja tu kufika kwenye breki, mita hizo zimekwisha kupita. Na mtoto atokaye chuoni avuka njia.

Wako wasemao kuwa kilichoharimishwa ni pombe peke yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila kilevyacho hukumu yake ni moja, kwa kuwa sababu ya uharamu ni kuondosha akili. Sheria ya Kenya nayo humshika aendeshaye gari akiwa amelewa pombe au dawa.

Sayyidna Umar, zamani za ukhalifa wake (634–644), aliposikia tauni imeingia Sham alirudi njiani. Alipoulizwa kama aikimbia kadari, alijibu kuwa aitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Basi kujihadhari nako ni kadari.

Tena someni Surat An-Nisaa, aya ya 92. Auaye kwa kukosea, naye ana akili zake timamu, hulazimiwa diya kwa warithi wasiposamehe, na kafara. Asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Itakuwaje kwa aliyeizima akili yake kwa mkono wake?

Mwenye gari, usimpe ufunguo mtu umjuaye kuwa mlevi. Damu itakayomwagika una fungu lako. Abiria, ukimwona dereva macho mekundu, shuka. Mzazi, mkanye mwanao kabla hujaitwa hospitali.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na roho za wenzetu. Amin.