Deni letu kwa askari wa Saio

Katika mji wa Bukavu kambi ya askari ilipewa jina la Saio. Kinshasa pia njia moja ilipewa jina hilo. Watu wamelitamka miaka mingi, lakini ukiwauliza Saio ni nini, wengi hunyamaza. Basi, leo twataka kuwakumbusha wasomaji wetu habari hiyo, na kuuliza swali moja gumu: kumheshimu mtu aliyepigana vita ni kufanya nini?

Tuanze na habari yenyewe. Saio ni mahali pa milimani, upande wa magharibi wa Uhabeshi, nchi tuitayo pia Etiopia. Siku hizi mji ule waitwa Dembi Dolo. Mwaka 1935 Waitaliano wa Mussolini waliivamia nchi ile, na mwaka 1936 mfalme wake Haile Selassie akaenda uhamishoni. Vita vya pili vya dunia vilipowaka, askari wa Kongo, wa jeshi lililoitwa Force Publique, walipelekwa huko kwa njia ya Sudani, wasaidiane na Waingereza. Mwezi wa Machi 1941 waliteka Asosa, na Gambela nayo ikatekwa. Toka Gambela walipanda mpaka chini ya Saio. Hapo walingoja muda mrefu. Mvua ilinyesha, chakula kilikuwa haba kwa kuwa kilitoka mbali sana, na wengine walikufa kwa magonjwa wala si kwa risasi. Adui walikuwa wengi kuliko wao, tena walikaa juu. Hata hivyo tarehe 3 Julai 1941 walishambulia, na Jenerali Gazzera wa Waitaliano akasalimu amri mbele ya Jenerali Gilliaert. Maelfu ya watu wake walitekwa pamoja naye, na majenerali wengine kati yao.

Sasa tusikilize wanaokataa. Wako wanaosema: «Askari hao walimtumikia Bula Matari. Vita havikuwa vyao. Mbona tuwasifu?» Neno hili lina uzito, tusilipuuze. Ni kweli kwamba hawakuulizwa kama wataka vita. Ni kweli kwamba walikwenda kumfukuza Mzungu mmoja katika nchi ya Waafrika, huku nchi yao wenyewe iko mikononi mwa Mzungu mwingine. Tena upande wa pili walikuwako askari Waafrika waliotumwa na Waitaliano. Mwafrika alimpiga risasi Mwafrika, na amri zilitoka Ulaya.

Lakini tupambanue mambo mawili. Nia ya bwana ni kitu kimoja, moyo wa mtumishi ni kitu kingine. Mtu akimtuma kijana kuvuka mto kwa faida yake mwenyewe, na kijana yule akamwokoa mwenzake anayezama, je, tutamnyima kijana sifa kwa sababu ya aliyemtuma? Askari aliyegawa chakula chake kidogo na jirani yake, aliyembeba mgonjwa, aliyepanda mlima akijua kwamba juu kuna bunduki, huyo alifanya tendo lake mwenyewe. Ushujaa wake haukutoka Brussels. Tukiukana kwa sababu ya bendera iliyokuwa juu yake, twamnyang'anya mara ya pili: kwanza walimchukua bila kumwuliza, sasa sisi twamchukulia hata lile alilobaki nalo.

Wengine husema: «Ukimsifu askari, wasifu vita.» Hapana. Mama anayemtunza mwana aliyeungua hausifu moto. Twaweza kuchukia vita kwa moyo wote na kumheshimu aliyeumizwa navyo. Tena atakayeyasikia mateso ya Saio kama yalivyokuwa hatatamani vita upesi.

Basi, heshima ni nini? Wazee husema: chanda chema huvikwa pete. Askari wa Saio walivikwa pete: wengi walipewa medali, na mabwana wakubwa wakahutubia. Lakini tutazame mkono wote, si kidole tu. Baada ya ushindi ule adhabu ya kiboko haikuondolewa katika jeshi. Iliendelea miaka mingi. Mtu aliweza kuvaa medali kifuani na kupokea viboko mgongoni. Na mpaka siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika katika jeshi lile. Siku chache baadaye askari waliasi. Je, tushangae? Heshima isiyokuwa na haki ndani yake ni kama sahani nzuri isiyokuwa na chakula. Mwenye njaa huitazama, kisha huchukia.

Na kuna wengine ambao hata sahani hawakuiona. Mwaka 1916 Force Publique iliingia Tabora, tarehe 19 Septemba. Mkuu wake, Jenerali Tombeur, baadaye alipewa jina la mji ule liwe sehemu ya jina la ukoo wake: Tombeur de Tabora. Lakini mizigo ya vita vile ilibebwa na wapagazi wa Kongo, wa Rwanda na wa Burundi, zaidi ya laki mbili kwa makadirio ya wanahistoria. Walikufa kwa njaa, kwa baridi na kwa kuhara. Nani aliyepewa jina la mji kwa ajili yao? Majina yao wenyewe hayakuandikwa. Uhabeshi nako walikuwako wapagazi. Bila mgongo wao bunduki isingefika.

Siku hizi waliopigana karibu wote wamekwisha kufa. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa akamvika nishani mzee Albert Kunyuku, aliyekuwa na miaka 100, askari wa vita vile vile vya dunia aliyetumikia Burma. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini ilikuwa miaka 77 baada ya vita kwisha. Anayelipa deni akiwa amechelewa hivyo hulipa mmoja badala ya maelfu.

Kwetu sisi tuliobaki, deni lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kusema kweli yote: ushindi pamoja na kiboko, jenerali pamoja na mpagazi. Kuna nyumba ambazo medali ya babu imo sandukuni, na watoto huichezea kama kifuniko cha chupa. Waulizeni wazee wanaokumbuka, mwandike majina. Sehemu ya pili ni ngumu zaidi: kutowatendea wengine vile walivyotendewa hao. Askari asiyelipwa, mjane anayezungushwa toka ofisi hata ofisi, kilema wa vita anayeombaomba njiani, hao ndio watakaotuonyesha kama twawaheshimu kweli watu wa Saio. Tukiwapita bila kuwatazama, kisha tukaenda kuweka maua juu ya jiwe, maua yale tumejiwekea sisi wenyewe.